Kobe Si Jiwe la Uani

Juma hili nimepokea barua kutoka kwa mwalimu mmoja wa upande wa Butere, na kwa kuwa neno aliulizalo laweza kuwafaa wengi, nimeona heri nilijibu hapa mbele ya wote kuliko kumwandikia yeye peke yake. Mwalimu huyo aeleza ya kuwa anaye kobe mmoja uani, aliyeachiwa na marehemu baba yake, ya kuwa watoto wa shule humpenda sana na huja kumtazama, na ya kuwa sasa yuko mtu sokoni aliyeahidi kumwuzia wengine wawili, ati “ili mzee asife kwa upweke.” Auliza: Je, yafaa kuwaweka kobe watatu pamoja? Na nyumba yao iwe ya namna gani?

Ndugu Mwalimu, umefanya vema kuuliza kabla ya kutoa fedha. Mimi sikuuliza, na kabla ya kukupa shauri lo lote yanipasa kwanza kueleza aibu yangu mwenyewe, usije ukadhani nasema kwa kujitukuza.

Mwaka 2021, mvua za Aprili zilipokuwa zikianza, shemeji yangu afanyaye biashara ya mbuzi upande wa Baringo alikuja kututembelea, akashuka garini na gunia. Ndani yake mlikuwa na kobe wawili wa nyikani, wale wakubwa wenye mabaka meusi na manjano kama ngozi ya chui. “Nimewaletea watoto kitu cha kuchezea,” akasema. Watoto wakaruka kwa furaha. Nami nilisimama pale, mtumishi wa serikali ambaye kazi yangu ya kila siku ni kupanga majalada na kuwakumbusha watu taratibu, wala sikuuliza hata neno moja. Wametoka wapi? Nani aliyetoa ruhusa? Watakula nini? Nilitafuta tu sanduku la mbao tuliloweka viazi, nikalitia nyasi, nikawaweka wote wawili nyuma ya jiko, nikajiona nimemaliza kazi.

Siku ya tatu, jua lilipowaka, tukaanza kusikia kishindo sandukuni: ko! ko! ko! Watoto wakadhani wanacheza, nami nikakubali. Kumbe walikuwa wakipigana. Wote wawili walikuwa madume, nami sikujua hata namna ya kuwatambua. Wahenga walikwisha sema, mafahali wawili hawakai zizi moja. Lakini mimi nilidhani neno hilo lawahusu ng'ombe tu.

Siku ya tisa, nikiwa nafunga viatu huku nimekwisha chelewa kazini, binti yangu mdogo alikuja akaniambia, “Baba, kobe mmoja amelala chali, miguu juu.” Nikamjibu, “Mwache apumzike. Akichoka atajigeuza.” Nikaenda zangu. Mahali pale pa nyuma ya jiko hupigwa na jua tangu saa tatu asubuhi. Niliporudi jioni kobe yule alikuwa amekufa, na binti yangu ameketi kando yake na kikombe cha maji. Aliogopa kumgeuza, maana mimi baba yake ndimi niliyesema aachwe. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, “Baba, ulijua kweli kwamba atajigeuza?”

Sikujua. Nilisema tu. Nimejifunza baadaye ya kuwa mapafu ya kobe yako juu, chini ya gamba la mgongo. Hivyo alalapo chali matumbo yake yote huyalemea, na pumzi huwa ngumu. Tena hawezi kukikimbia kivuli kinapomkimbia. Mahali pa wazi, penye udongo na mawe ya kujisukumia, kobe mwenye nguvu huweza kujigeuza. Katika sanduku lenye sakafu ya mbao laini hana la kukanyagia. Kwa hiyo mpiganaji mwenzake alimwangusha, lakini sanduku langu ndilo lililomwua.

Yule wa pili alianza kutokwa na makamasi na kupumua kwa kinywa wazi. Nikamchukua kwa maafisa wa wanyama wa pori, nikakiri yote. Afisa hakunipigia kelele. Alinisomea sheria pole pole, kama mtu amsomeaye mtoto, akaandika maelezo yangu, akampokea mnyama. Basi sasa mwajua kwa nini nasema.

Jambo la kwanza, Ndugu Mwalimu, ni sheria. Kobe wa nchi yetu ni mnyama wa pori, wala si kuku. Kwa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, haifai mtu kumtoa porini, kumwuza, kumnunua wala kumfuga bila kibali cha wenye mamlaka. Huyo mtu wa sokoni, hata akiwa na maneno matamu namna gani, kama hana karatasi anakuuzia kesi. Usinunue. Na yule kobe uliyeachiwa na baba yako, nenda ukatoe habari zake kwa Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS. Kwetu Kakamega shirika hilo liko karibu: lina kituo Buyangu, katika sehemu ya msitu iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Aendaye mwenyewe husikilizwa kwa namna nyingine kuliko afuatwaye nyumbani. Wala usifanye kama wengine, wakiogopa, wakambeba kobe usiku na kumtupa msituni. Kobe wa nyika kavu hana kazi katika msitu wa mvua; atapata baridi afe, au atawapelekea viumbe wa huko magonjwa wasiyoyajua.

Mtu ataniuliza, Je, kobe mmoja mmoja ana thamani gani hata sheria imfuate? Mtazameni yule kobe bapa, aliye mwembamba kama chapati, akaaye katika mianya ya miamba ya Kenya na Tanzania. Yeye hutaga yai moja tu kwa wakati mmoja. Watu wa nchi za mbali walimpenda mno kwa umbo lake la ajabu, wakanunua, na wachukuaji wakabomoa miamba ili kumtoa. Basi mwaka 2019 mataifa, katika mkutano wao uliofanyika Geneva, yalimwingiza katika orodha ya viumbe ambao biashara yao ya kimataifa imekatazwa kabisa, kwa kuwa alikuwa akielekea kutoweka. Mnyama azaaye pole pole huisha upesi. Kila mmoja atolewaye huacha pengo ambalo miaka mingi haiwezi kuliziba.

Jambo la pili ni upweke. Hapa ndipo wengi wenye moyo mwema hukosea, maana humpimia kobe kwa kipimo cha mwanadamu. Kobe hana jamaa. Jike akisha kuchimba shimo, akataga, akafukia mayai yake, huenda zake wala hayarudii. Watoto wakitoka, baada ya miezi minane au hata kumi na mitano kwa huyu kobe wa mabaka, hawana mama wa kuwaongoza. Wakubwa hukutana wakati wa kupandana, au penye majani na maji mazuri, kisha kila mmoja hushika njia yake. Ukimwona kobe wako akizunguka na kuusukuma ua kutwa nzima, halii kwa ajili ya mwenziwe. Huenda eneo ni dogo, au ana baridi, au ni jike atafutaye mahali pa kutaga. Mpanulie, mpe jua, mpe udongo laini; asipotulia, mwite daktari wa mifugo.

Tena kukaa pamoja kuna hatari zake. Madume wawili hugongana na kupinduana. Dume mmoja akiwekwa na jike mmoja, humfuata na kumgonga asipate kula wala kupumzika, hata akakonda. Walio na kibali cha kufuga wengi huweka dume mmoja kwa majike wawili au watatu, au majike peke yao. Kumtambua dume si vigumu akiisha kuwa mtu mzima: mkia wake ni mrefu na mnene, na gamba la tumbo limebonyea kidogo katikati, jike ana mkia mfupi na tumbo bapa. Lakini walio wadogo hawatambulikani kwa miaka kadhaa, kwa hiyo anayekuuzia “jike na dume” wenye ukubwa wa kikombe anakudanganya.

Na wala msichanganye aina mbali mbali. Kobe wa nyika kavu, kobe bapa wa miambani, na yule kobe ambaye gamba lake hukunjika nyuma kama lina bawaba, kila mmoja ana hali yake ya hewa na chakula chake. Tena aina moja huweza kubeba minyoo na vijidudu visivyoidhuru yenyewe, vikaangamiza nyingine. Najua wengi watanikumbusha habari za Mzee na Owen. Owen alikuwa mtoto wa kiboko aliyeokolewa Malindi mwezi wa Desemba 2004 baada ya mawimbi ya tsunami, akapelekwa Haller Park, Mombasa, akamshika kobe mkubwa aitwaye Mzee kana kwamba ni mama yake. Picha zao zilizunguka dunia nzima. Lakini wachache husimulia mwisho wake. Mtoto wa kiboko alikua, michezo yake ikawa mizito, na mwaka 2007 ilibidi watenganishwe, Owen akawekwa na kiboko mwenziwe, jike aitwaye Cleo. Kama wataalamu wenye uwanja mpana na walinzi waliona lazima kutenganisha, mimi na wewe wenye ua wa nyuma ya jiko tutawezaje?

Kwa habari ya kufuga wengi pamoja, mfano bora wa pwani yetu ni kisiwa cha Changuu, mbele ya mji wa Unguja. Mwaka 1919 waliletwa pale kobe wanne wakubwa kutoka Shelisheli, zawadi ya gavana wa visiwa hivyo. Hao ni kobe wa ukoo wa Aldabra, ambao dume mzima huweza kupita kilo 200. Walizaana sana, na mwaka 1955 walikuwa kiasi cha 200. Hapo watu wakaanza kuwaiba, wengine kwa kula, wengine kwa kuwauza ng'ambo. Mwaka 1988 walibaki kama 100, mwaka 1990 kama 50, na mwaka 1996 walihesabiwa saba tu. Mwaka huo huo vikaletwa vitoto 80 ili kuongeza idadi, na 40 kati yao vikapotea! Ndipo serikali ya Zanzibar, ikisaidiwa na shirika la kimataifa la kulinda wanyama, ilipojenga ua mkubwa wa kuwahifadhi. Na kufikia mwaka 2000 walikuwapo wakubwa 17, wa makamo 50, na vitoto 90. Tazameni, kisiwa kilikuwa kile kile, majani yale yale, hewa ile ile. Kilichobadilika ni ua, ulinzi na kuhesabu.

Sasa nyumba. Yule aliye na kibali, na akaaye huku kwetu, na ajue kwamba shida yake kubwa ni maji. Kakamega iko zaidi ya mita 1500 juu ya bahari, na mvua yetu hukaribia milimita 2000 kwa mwaka. Alasiri jua hufunikwa ghafula, ngurumo zikaja, pengine na mvua ya mawe. Kobe wa mabaka ni wa nchi kavu. Akilala juu ya udongo uliolowa, katika baridi ya usiku, huugua mapafu kama alivyougua yule wangu.

Basi chagua mahali palipoinuka, maji yasipotuama. Kwa kobe mmoja au wawili wakubwa, eneo lisipungue hatua kumi kwa kumi. Likizidi ni heri. Zungushia ukuta wa mawe, matofali au mbao, wenye urefu wa sentimita 50 hivi juu ya ardhi, na msingi wa sentimita 30 chini, maana kobe huchimba. Usitumie waya wa kuku. Kobe akiona upande wa pili hudhani njia ipo, naye atasukuma hata akajichubua pua na miguu. Pembe za ukuta zifanye za mviringo, ili anayefukuzwa asibanwe pembeni akapigwa.

Ndani ya eneo hilo jenga kibanda. Sakafu iinuliwe kiganja kimoja juu ya ardhi, na ngazi ya udongo yenye mteremko wa pole. Paa la nyasi ni bora kuliko mabati matupu, ambayo huoka mchana na kutoa jasho usiku; ukiwa na mabati, yafunike kwa nyasi. Mlango utazame mashariki upate jua la asubuhi, na uwe mpana kupita mnyama aliye mkubwa kuliko wote. Tandika nyasi kavu, uzibadilishe kila zilowapo. Kama wamo wengi, vibanda viwe viwili au zaidi, na chakula kimwagwe mafungu mafungu mbali mbali, ili mbabe mmoja asiwanyime wengine. Panda vichaka na majani marefu katikati: asiyeonekana hafuatwi. Acha pia mahali pa wazi pa kuota jua, kwa maana bila jua la kweli mwili wake hauwezi kutumia chokaa ya chakula, na gamba hulegea.

Watoto wa kobe wawe na eneo lao peke yao, lililofunikwa juu kwa waya, kwa sababu ya kunguru, nguchiro, kenge na panya. Na sisi wa Kakamega tuna adui mwingine tunayemfahamu tangu utotoni, yaani siafu. Mnyama aliye huru huwakimbia. Aliyefungiwa sandukuni huliwa akiwa hai. Usimfungie kobe mahali asipoweza kutoka bila mtu wa kumwangalia usiku, na ulionapo jeshi hilo likija, mwondoe kwanza yeye, ndipo ushike majivu na moto. Wala asiwepo mtu wa kutoboa gamba la kobe apate kumfunga kamba. Gamba si sahani iliyowekwa juu yake. Ni mbavu zake na uti wa mgongo wake, lina damu, nalo husikia maumivu.

Chakula chake ni nyasi, kwanza nyasi, na tena nyasi, pamoja na majani ya mwitu. Sukumawiki na matunda viwe kidogo sana. Ugali, mkate, maziwa, maharagwe na nyama si vyakula vyake, hata kama atavila. Maganda ya mayai yaliyosagwa humwongezea chokaa. Maji yawe katika chombo kipana kisicho na kina, yabadilishwe kila siku.

Kobe mgeni, hata aliyekuja kwa kibali, na atengwe peke yake kwa muda wa miezi mitatu au sita kabla ya kuchanganywa na wenyeji. Mtazameni pia kupe. Mwaka 2000 serikali ya Marekani ilipiga marufuku kuingiza kobe wa mabaka na jamaa zake wengine wa Afrika, kwa sababu kupe wao huweza kubeba ugonjwa ule unaojaza maji katika kifuko cha moyo wa ng'ombe, kondoo na mbuzi. Mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa na kobe watatu wa gunia amehatarisha karo ya shule. Na watoto wakiisha kumshika kobe wanawe mikono kwa sabuni, kwa kuwa hubeba vijidudu vya salmonela viletavyo kuhara na homa. Kwa sababu hiyo Marekani ilikataza mwaka 1975 kuwauza kobe na kasa wadogo wasiofika sentimita 10.

Mwisho, mali bila daftari huisha bila habari. Mpime kobe kwenye mizani kila mwezi, andika tarehe na uzito. Kobe halii, hakohoi, hamwiti bwana wake. Daftari ndiyo sauti yake. Uzito ukishuka miezi miwili mfululizo, usingoje wa tatu.

Ndugu Mwalimu, jibu langu kwa ufupi ni hili: usiwanunue wale wawili, toa habari za yule mmoja, na ukiruhusiwa kuwa naye, mjengee nyumba kavu na uwanja mpana akae peke yake kwa amani. Kobe huweza kuishi miaka hamsini na zaidi. Huenda akawazika wewe nami, na watoto wako ndio watakaomtunza. Basi wafundishe mapema. Na mmoja wao akija kukuambia kwamba kobe amelala chali, acha viatu, acha kazi, enda ukamgeuze.

Ndimi wenu mtumishi,
Karani wa Kakamega